Feri Iliyoota Mizizi

Katika chuo chetu cha uhazili pale Malindi, nyuma ya soko, kiumbe kimoja tu ndicho kilichokosa adabu, nacho ni kompyuta. Sisi wengine wote tulikuwa tumelelewa vizuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu.

Ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Mashine ilikuwa moja tu, imekaa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, imeunganishwa na televisheni ndogo iliyokuwa ikilia kama mbu. Kwa sababu ilikuwa moja na sisi darasa zima, Mwalimu Mwaura alituandikia zoezi ubaoni kila Jumatatu. Tulitunga programu zetu kwa kalamu, kila mstari na namba yake, kisha tukabadilishana karatasi ili kila mtu amtafutie mwenzake makosa. Ijumaa ndipo ulipopewa zamu ya kuketi mbele ya mashine, ukaipiga programu yako na kungoja majaliwa.

Hapo kwenye kutafutiana makosa ndipo nilipokuwa nikipandwa na hasira. Nampa karatasi yangu Monicah, binti wa karani wa posta aliyekuja na wazazi wake kutoka bara na kujifunza uungwana wa pwani mpaka akatupita wenyewe. Anaisoma juu hadi chini, anatabasamu, anaandika pembeni: "Imependeza sana, dada." Nampa Thoya, kijana mrefu wa Mnarani asiyekuwa na maneno mengi, naye anaandika: "Safi. Hongera." Mwalimu mwenyewe anatia alama ya vema na kuandika: "Vizuri, endelea hivyo hivyo." Ijumaa naketi na hongera zangu zote, napiga, nangoja, na mashine inaniambia kwa Kiingereza kwamba nina kosa mstari wa arobaini. Haisemi ni kosa gani. Haisemi hata pole.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulikuwa tumesifiwa mpaka tembo lote limekuwa maji matupu.

Nami niliitaka mashine ile. Mwisho wa muhula Mwalimu angemchagua mwanafunzi mmoja abaki awe msaidizi wake, akabidhiwe ufunguo wa chumba. Wengine tungekwenda zetu kutafuta ofisi za kupiga chapa barua za watu wengine. Nilikuwa nikipita dirishani naichungulia imefunikwa kitambaa chake, roho inaniuma kama ya mtu aliyemwona mchumba wake upande wa pili wa barabara. Ufunguo ule niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na zoezi la mwisho ndilo lingeamua. Mwalimu aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Andika programu itakayomfaa mtu wa hapa."

Mimi nilichagua Jumwa. Sisi Wagiriama wiki yetu ya asili ni ya siku nne, na mojawapo ni Jumwa, siku ya kupumzisha jembe na kwenda gulioni. Mtu aliyekaa mjini akazoea Jumatatu na Jumanne hupotea kabisa, akafika kwao na shehena ya vitu vya kuuza siku ambayo hakuna mnunuzi. Programu yangu ingemwokoa. Unaandika tarehe yoyote ya mwaka, mashine inakujibu kama ni Jumwa au siyo. Monicah alisema imempendeza. Thoya aliandika "Safi sana," na hiyo "sana" nikaenda nayo nyumbani moyo umejaa.

Siku chache baadaye tukapata hanga, matanga ya kwetu, kule Ganda. Mzee Gona, ndugu yake babu yangu, alikufa akiwa amekwisha kuichoka dunia, kwa hiyo msiba wenyewe ulikuwa na machozi ya kadiri. Asubuhi ya maziko wakaja watani. Ukoo wetu una watani wake, watu wa ukoo mwingine ambao tangu mababu wamepewa ruhusa ya kutuambia lolote, na msibani ndiko wanakoitumia ruhusa hiyo mpaka iishe. Mtani atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe kuku. Atakwambia usoni jambo ambalo jirani yako asingelisema hata ukimlipa. Nawe hukasiriki. Ukikasirika unatozwa kuku wa pili, na kuchekwa juu yake.

Nilikuwa natoka kuteka maji niliposikia sauti kutoka kaburini ikisema kwamba mahali hapa pana nafasi kuliko nyumba ya marehemu, na kwamba ukuta wake umenyooka, jambo ambalo Gona hakuwahi kuliona maishani mwake. Sauti ile niliijua. Nikaweka ndoo chini, nikasogea, nikachungulia. Thoya alikuwa amejinyoosha chini kabisa, mikono kifuani, na viatu vyake vya chuo miguuni.

"Kahonzi?" akasema. "Wewe wa huku?"

"Wa huku. Marehemu ni babu yangu."

Uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu aliyelala kaburini.

"Basi wewe ni mtani wangu," akasema. "Mungu mkubwa. Kahonzi, ile programu yako."

"Ina nini?"

"Ina wazimu."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Thoya hakutoka kaburini. Aliweka mkono mmoja chini ya kichwa, akajistarehesha, akaanza.

"Miezi yote umeipa siku thelathini. Januari tarehe thelathini na moja umeimeza, hata hukutema kokwa. Kuanzia hapo Jumwa yako inakwenda upande kama kaa. Ukifika mwezi wa nane mama yangu atajitwika kapu lake kwa kuiamini mashine yako, atembee mpaka gulioni, akute mbuzi wawili na mwendawazimu mmoja. Na huyo mwendawazimu ni wewe, umekuja kuwauliza mbuzi wateja wako wamekwenda wapi."

Wafiwa wakacheka. Mjane wa Gona, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana, alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke.

Mimi damu ilinichemka. "Si uliandika safi sana?"

"Niliandika kwa sababu nilikuwa nakuheshimu," Thoya akasema. "Sasa sikuheshimu tena. Umekuwa mtani."

Shangazi yangu Kabibi akanivuta kanga. "Mwanangu, kunjua uso. Ukikasirika ni kuku, na kuku waliobaki ni wa wageni."

Nikaukunjua uso kwa nguvu, na nilipokuwa naukunjua, kichwani nikaanza kuhesabu. Jumwa nilifundishwa na nyanya yangu, ambaye mwezi wake ni ule wa mbinguni na kalenda ya ukutani haimhusu. Nilikuwa nimezichukua siku zake nikazimwaga kwenye kalenda ya watu wa posta bila kuangalia kama zinaenea. Thoya alikuwa na haki. Alikuwa na haki kutoka mwanzo hadi mwisho, mbuzi wote wawili wakiwemo.

Nilifurahi. Nasema kweli, katikati ya maziko ya babu yangu nilifurahi mpaka nikaona haya. Kwa muda wote ule nilikuwa nimengoja mtu mmoja tu aniambie kosa liko wapi, na kumbe alikuwa ameketi nyuma yangu darasani, amezibwa mdomo na heshima. Nilikwenda mwenyewe nikamkamata kuku, nikamletea ili atoke, Mzee Gona apumzike.

Kuanzia Jumatatu ile tulikuwa hatushikiki. Nilimpa Thoya kila mstari nilioandika, naye akanipa wake. Aliniambia mstari wangu wa sitini unarudi kwenye wa ishirini na wa ishirini unarudi kwenye wa sitini, kama wazee wawili mlangoni, tafadhali tangulia, la hasha tangulia wewe, na chakula kinapoa ndani. Nilimwambia programu yake inauliza swali lile lile mara mbili, kama shemeji aliyekuja kukopa. Aliniambia nyani haoni kundule. Nilimwambia lake naliona vizuri, liko mstari wa themanini. Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukafuta machozi na kusahihisha. Ijumaa mashine ikawa inatupokea sote wawili bila neno, na mimi nikawa natoka mle chumbani natembea kama niliyekunywa.

Darasa lilishtuka. Monicah aliniombea. Siku moja Mwalimu Mwaura alituita ofisini, akafunga mlango, akatuwekea soda mbili mezani. Alikuwa mtu wa Murang'a, mpole wa kukiomba radhi kiti akikigonga, na siku hiyo alionekana hakupata usingizi.

"Vijana wangu," akasema, "mimi sitauliza nani alianza. Kunyweni soda, mpatane."

"Mwalimu, hatujagombana," nikasema. "Sisi ni watani."

Tukamweleza. Alisikiliza hadithi ya kaburi na kuku bila kutukatiza, akiizungusha kalamu mkononi.

"Kwa hivyo yeye anaweza kukuambia kazi yako ni mbaya," akasema, "na wewe unafurahi."

"Nafurahi baadaye kidogo, Mwalimu. Kwanza nauma meno."

"Na wewe Mwalimu," Thoya akauliza kwa adabu zake zote, "mbona sisi sote unatuandikia 'Vizuri' tu?"

Mwalimu Mwaura akaitazama kalamu. "Nilipohamishiwa huku niliambiwa watu wa pwani ni waungwana, nisiwaaibishe. Nikaogopa kuanza. Na mimi huku sina mtani. Nikikosea, mnaniambia ahsante Mwalimu." Alicheka kidogo, halafu akazikusanya chupa ingawa yangu ilikuwa haijaisha.

Likaja juma la mwisho. Jumwa yangu sasa ilikuwa na miezi yote na siku zake, hata Februari nilikuwa nimeibembeleza ikatulia. Kilichobaki ni programu ya Thoya. Alinipa karatasi Alhamisi asubuhi, niitazame kabla ya hukumu ya Ijumaa. Ilikuwa juu ya feri ya Kilifi. Thoya alikulia kwenye foleni ile, akiwauzia korosho watu waliokwama ndani ya magari wakingoja kuvuka, na hakuna aliyeijua feri kuliko yeye. Programu yake unaiandikia uzito wa kila gari kwa zamu yake, nayo inayapanga ndani ya feri mpaka ijae, kisha inaamuru feri ing'oe nanga. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, nami nililiona hilo nikiwa bado sijafika nusu ya karatasi.

Nilikuwa nimeketi sokoni na sahani ya viazi karai. Nikafika mstari wa mia na kumi, nikasimamisha kiazi mdomoni.

Feri imebakiwa na nafasi ndogo, na mbele ya foleni pamesimama lori zito lisiloenea. Programu inafanya nini? Inalingoja. Hairuhusu gari dogo la nyuma kupita, wala haiamuru feri iondoke. Inauliza uzito wa lori, inaona halienei, inauliza tena, inaona halienei, hivyo hivyo mpaka kiama. Ni kosa ambalo angelifanya mtu wa Mnarani tu, aliyelelewa kwenye foleni ile kwamba aliyetangulia hapitwi. Na Mwalimu, kila akijaribu jambo la magari, huanza na lori.

Nikakitafuna kiazi changu polepole. Nikinyamaza, kesho feri ya Thoya ingesimama mbele ya darasa zima. Jumwa yangu ingepita, na ufunguo ungekuwa wangu. Hakuna mtu angejua. Wala nisingekuwa nimesema uongo wowote ambao darasa zima halikuwa likiusema kila wiki. Nikatoa kalamu, nikaandika pembeni: "Safi sana." Nikakunja karatasi, nikainuka.

Tatizo ni kwamba utani ulikuwa umekwisha kujitunga wenyewe. Sikuuita. Ulikuja nikiwa napita kwa wauza papa mkavu, ukaketi juu ya ulimi wangu mzima mzima, na ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuupata. Nikaumeza, ukarudi. Nikacheka peke yangu, muuza papa akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikakaza mwendo. Niliwaza ufunguo, niliwaza kitambaa cha kufuma, niliwaza barua za watu wengine ambazo ningezipiga chapa mpaka nizeeke, na nyuma ya mawazo hayo yote ile feri ilikuwa inanichekesha.

Thoya alikuwa langoni mwa chuo, ananingoja. Nikampa karatasi bila kumtazama. Akaikunjua akiwa anatabasamu tayari, akijiandaa kuumizwa. Akasoma. Tabasamu likamtoka.

"Kahonzi," akasema polepole. "Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea."

"Umeniandikia safi sana." Aliigeuza karatasi nyuma, akatafuta kama kuna neno lingine. "Mtani haniandikii safi sana. Nimefanya nini?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Sijui kama ni huruma au ni ulimi, na kwa kweli sitaki kujua.

"Feri yako imeota mizizi!" nikasema. "Lori halienei, na wewe unalingoja likonde. Abiria wamechoka kungoja wameanza kupanda minazi humo ndani. Wameoana. Watoto wao wamekwisha kutahiriwa, wanasoma shule ya feri, na kila asubuhi wanamwimbia dereva wa lori wimbo wa kumkaribisha. Nahodha alikufa zamani. Mimi na wewe tutakwenda kumzika, nawe utalala kaburini uombe kuku, na kuku wenyewe wamezaliwa ndani ya feri!"

Thoya alikuwa ameketi chini, pale pale langoni, mchangani, amejishika mbavu. Alicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Kisha akaacha ghafla, akaichomoa kalamu sikioni, akaandika akiwa amepiga magoti: lori lisipoenea, tazama aliye nyuma yake, asipokuwepo anayeenea, ondoka. Mistari mitatu tu. Mimi nilisimama namtazama anavyoandika, ufunguo wangu ukienda zake, na bado kicheko kilikuwa hakijaniisha. Kilikuwa kinachanganyika na kitu kingine kilichoniwasha machoni.

Ijumaa Jumwa yangu ilipita vizuri. Mwalimu aliijaribu kwa tarehe nyingi, ikajibu zote. Kisha akaketi Thoya, na Mwalimu, kama nilivyojua, akaanza na lori. Feri ikalitazama lori, ikaliacha, ikachukua gari dogo, ikaondoka. Darasa likapiga makofi.

"Hii ndiyo programu bora ya mwaka," Mwalimu Mwaura akasema, nami nikapiga makofi pamoja na wenzangu, viganja vikaniuma. "Thoya, ulifikiriaje jambo hili la lori?"

Thoya akasimama. "Sikulifikiria, Mwalimu. Jana feri ilikuwa haiondoki. Huyu hapa ndiye aliyenitukana mpaka ikaondoka." Akaurudia utani wote neno kwa neno, minazi, tohara na marehemu nahodha, na darasa lile lenye adabu zake likalala juu ya madawati kwa kicheko. Monicah alitoka nje kuvuta pumzi.

Mwalimu hakucheka. Alinitazama. "Uliliona jana, na bado ukamwambia?"

"Lilinishinda kulificha, Mwalimu."

Akaingiza mkono mfukoni. "Programu bora ni ya Thoya," akasema, "na karatasi yake itabandikwa ukutani. Lakini kazi ya msaidizi wangu ni kusahihisha. Muhula mzima nimesahihisha mimi, na sote tumeona matokeo yake." Akaweka ufunguo mbele yangu.

"Mwalimu," Thoya akasema kwa uchungu wa uongo, "umemkabidhi fisi bucha." Alikuwa wa kwanza kunishika mkono, akautikisa mpaka bega likalegea. Nilifurahi hata masikio yalikuwa yakivuma.

Wenzangu walipotoka, Mwalimu aliniomba nibaki. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa kunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

"Hii ni yangu," akasema. "Nimeitunga jioni, polepole. Nimewaonyesha walimu wenzangu, wote wanasema nzuri."

Nikaisoma. Ilikuwa programu ndogo ya kumsalimu mgeni. Inamuuliza jina, kisha inamkaribisha na kumjulia hali. Nikafika mstari wa hamsini, nikasoma tena, na ulimi ukaanza kunitekenya. Lakini huyu alikuwa mwalimu wangu, umri wa baba yangu, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

"Mwalimu," nikasema, "Wakikuyu na Wagiriama wana utani?"

Mwalimu Mwaura akafikiri. "Sijawahi kusikia," akasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kuanzia leo wanao."

Nikashusha pumzi. "Mwalimu, mashine yako inamuuliza kila mtu jina lake kwa adabu, halafu inamkaribisha Mwaura. Akija Kahonzi, karibu Mwaura. Akija Thoya, hujambo Mwaura. Umeijaribu peke yako kila siku, ukaandika jina lako, ikakujibu, ukaridhika. Unajipigia hodi mwenyewe, unajiitikia karibu, unajiandalia chai na kujiuliza habari za nyumbani, na sisi wageni tumesimama nje juani."

Akainamisha kichwa juu ya karatasi, mabega yakaanza kutikisika, nami moyo ukanipasuka nikidhani nimemliza. Alipoinua uso alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola. Akanivutia kiti, akatoa kalamu yake nyekundu, akanipa.

"Na mstari wa sitini?" akauliza.